Kukandamiza Sauti kwa Kiasi: Kurekodi Nyumbani Dzaleka na Lilongwe

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, ina wanamuziki kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao tangu mwaka 2014 wamepata jukwaa katika Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Mkongo Menes la Plume. Jukwaani sauti hupita, lakini wimbo unaorekodiwa katika chumba cha kawaida hubeba kila kilichosikika humo, na hapo ndipo uchanganyaji wa sauti unapohitaji kiasi.

Kompresa, ambayo siku hizi aghalabu ni programu ya kompyuta, hukandamiza sauti kwa kupunguza ile inayovuka kiwango kilichowekwa. Kwa uwiano wa 2 kwa 1, sauti iliyozidi kiwango kwa desibeli 6 hubaki imezidi kwa 3 tu. Vilele vikishashushwa, sauti nzima huweza kupandishwa, hata mnong'ono wa mwimbaji ukasikika vizuri, ila pamoja nao hupanda mvumo wa feni, mvua juu ya bati na maongezi ya majirani. Ndiyo maana punguzo la desibeli 2 au 3 mara nyingi hutosha, na panapohitajika zaidi, ni afadhali kompresa mbili zifuatane, kila moja ikifanya kazi ndogo. Katika ngoma, kompresa ikichelewa milisekunde 10 hadi 30 kabla ya kushika, kishindo cha mwanzo husalimika.

Sacharesheni, mbinu nyingine inayohitaji kiasi, ni uchafuzi mdogo wa sauti, kama ule uliotokea zamani mkanda wa sumaku ulipopokea sauti kubwa kupita uwezo wake, nao huzalisha sauti za juu zaidi: besi yenye mitetemo 60 kwa sekunde huongezewa 120, 180 na kuendelea. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa ile ya 60, lakini hutoa baadhi ya zile za juu, na ubongo hujazia besi iliyokosekana. Sacharesheni ikizidi, huleta mikwaruzo inayochosha sikio.

Kwa kuwa sikio hupendelea sauti kubwa, wimbo uliokandamizwa na usiokandamizwa hulinganishwa zikiwa na ukubwa sawa. Hata hivyo, kompresa haiwezi kumtenga mwimbaji na mvua. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kurekodi, kwa kusogeza maikrofoni karibu naye na kungoja mvua ikatike.