Kabla Hujalipia Safari ya Chichén Itzá: Ile Alama ya $ Si Dola Kila Mara

Ilikuwa saa tatu usiku hapa Nairobi wakati mwenzetu wa huduma kwa wateja alipopokea simu ya WhatsApp kutoka Meksiko. Kule ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini. "Mwanangu," sauti ya mama ikasema, "niko kwa geti, na pesa ninayo, lakini hainisaidii."

Mama huyu ni mteja wetu kutoka Nyeri. Alikuwa amemtembelea binti yake Dallas, wakaamua kupanda ndege hadi Cancún kwa siku nne. Binti akabaki hotelini na mtoto mchanga, mama akajilipia safari ya siku moja kwenda kuona piramidi ya Wamaya na kuogelea kwenye shimo la maji. Alilipa dola 89 mtandaoni kwa kadi yetu ya kwenye simu, meseji ikaingia, mambo yakawa sawa. Kufika kwenye lango, mwongozaji akawaambia watu watoe tiketi ya kuingia. Kumbe zile dola 89 zilikuwa za basi, mwongozaji, chakula na senote. Kiingilio cha magofu hakikuwemo.

Kwenye akaunti alikuwa na zaidi ya shilingi elfu hamsini. Mkononi, dola 20. Laini yake ya Kenya haikuwa imewashwa roaming, kwa hivyo ile meseji ya OTP ya kununua tiketi mtandaoni haikufika. Hata simu hiyo alitupigia kwa intaneti ya kuazima kwa muuza kofia. Kuwaomba wenzake wa basi aliona aibu, maana alikuwa amewajua kwa saa nne tu. Kikundi kikaingia. Yeye akakaa kivulini saa mbili nzima, dakika chache kwa miguu kutoka kwenye kitu alichosafiri kuja kukiona.

Ametukubalia tusimulie bila jina. Tumeona tueleze polepole jinsi pesa inavyotembea kwenye safari za aina hii, kwa sababu Wakenya wanaopitia Marekani kwenda Cancún wapo, na maswali tunayoletewa yanafanana.

Unalipia kuona nini hasa

Rasi ya Yucatán ni tambarare ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu kutengeneza mito kama Tana au Athi. Yanazama, yanakula mawe taratibu, na mito inapita chini ya ardhi. Paa la pango likichoka linaporomoka, na hapo linabaki shimo lenye maji safi chini. Hilo shimo ndilo senote. Jina limetokana na neno la Kimaya, ts'onot, na kwenye vibao vya barabarani utaliona limeandikwa cenote. Nyingi zimejipanga kama pete kufuata ukingo wa kreta ya Chicxulub, pale kilipoanguka kimondo kile cha miaka milioni 66 iliyopita kinachohusishwa na kutoweka kwa dinosaria.

Bila mashimo hayo mji usingekuwepo. Chichén Itzá lenyewe maana yake ni "kwenye mdomo wa kisima cha Waitzá." Kuna shimo kubwa ndani ya magofu, lenye upana wa kama mita 60, ambalo Wamaya walilitumia kwa sadaka. Watafiti wametoa humo dhahabu, jiwe la jade na mifupa ya binadamu. Huko huogelei, unaangalia tu. Kuogelea ni kwenye senote nyingine, na inayopelekewa mabasi mengi ni Ik Kil, kilomita chache kutoka magofuni. Unashuka ngazi hadi maji yaliyo mita 26 hivi chini ya usawa wa ardhi, na mizizi ya miti inaning'inia kutoka juu kama kamba.

Piramidi yenyewe, ya Kukulcán, ina ngazi 91 kila upande. Pande nne ni 364, ongeza ile ya juu kabisa upate 365, siku za mwaka. Ikifika Machi na Septemba, siku za mchana na usiku kulingana, kivuli cha jua la jioni kinashuka ukingoni mwa ngazi kama nyoka anayetambaa. Kuipanda hakuruhusiwi siku hizi, hata ukiambiwa vipi na mtu wa pembeni. UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Na Wamaya hawajaisha! Mamia ya maelfu ya watu bado wanazungumza Kimaya cha Yucatán, na mara nyingi anayekukatia tiketi ya senote kijijini ni mmoja wao.

Hilo la mwisho linahusu mfuko wako moja kwa moja. Senote nyingi ndogo ziko kwenye ardhi ya pamoja ya kijiji, na wanakijiji ndio wanaoziendesha. Meza, daftari, sanduku la pesa. Mashine ya kadi haipo, au ipo na mtandao hakuna. Ukiona neno *efectivo* kwenye kibao, ujue wanataka pesa taslimu. Till namba na paybill huko hazijulikani kabisa.

Ile alama ya $

Peso ya Meksiko inaandikwa kwa alama ile ile ya dola. Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Wakati tunaandika, peso moja ni kama shilingi saba za Kenya. Tuseme kibao cha senote kinasema $150. Kama ni peso, hiyo ni kama shilingi 1,050. Kama ni dola za Marekani, ni zaidi ya shilingi 19,000. Kibao ni kile kile. Mara nyingi mwenye duka akitaka kusaidia ataandika M.N. kando ya bei, yaani pesa ya taifa, au MXN ambayo ni peso. USD ni dola. Ikiwa hakuna herufi yoyote, uliza kabla hujatoa kadi: "¿Pesos o dólares?" Hakuna atakayekushangaa, wanaulizwa kila siku.

Pia kuna kosa la upande wa pili. Mtu anaona $89 kwenye tovuti ya safari akidhani ni peso, yaani kama shilingi 620, anafurahia bei ya kutupa, anabonyeza. Halafu meseji inaingia kwamba zimekatwa zaidi ya elfu kumi na moja. Anatupigia akisema ameibiwa. Hajaibiwa. Kabla ya kuthibitisha malipo, ukurasa wa mwisho lazima uonyeshe herufi tatu za sarafu. Zisome hizo kwanza, namba baadaye.

Mashine ikikuuliza swali, jibu peso

Ukigusisha kadi hotelini au kwenye mkahawa, mashine inaweza kukuuliza kama unataka ulipe kwa peso au kwa shilingi, pengine dola. Shilingi inavutia, si ndiyo? Unaielewa, unaona kiasi kamili. Lakini ukichagua hivyo, anayebadilisha pesa ni mwenye mashine, kwa bei yake mwenyewe, na ndani ya bei hiyo ameshaweka faida yake. Ukichagua peso, ubadilishaji unafanywa na mtandao wa kadi yako, na makato unayajua kwa sababu yameandikwa kwenye masharti yako. Mara nyingi peso ndiyo nafuu.

ATM ina mtego huo huo. Itakuonyesha kiwango cha kubadilisha na kuuliza kama unakubali. Kataa. Usiogope, ukikataa hicho kiwango pesa bado inatoka, ila kwa hesabu ya upande wako. Tahadhari nyingine ni kwamba kwenye maeneo ya watalii ya Cancún baadhi ya ATM zinatoa dola. Hakikisha umechagua ya peso, ukipenda ya benki badala ya ile iliyosimama peke yake nje ya baa. Na toa mara moja kiasi cha kutosha, maana ada ya ATM inakatwa kila unapotoa.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo matangazo yetu wenyewe huwa hayasisitizi: kadi ya kwenye simu ni nzuri kwa kulipia mtandaoni, lakini haina plastiki. ATM nyingi hazitakujua. Ukienda safari ya namna hii na kadi ya simu peke yake, utakuwa kama mama yetu pale getini. Beba na kadi ya kawaida, na ukifika tu, toa peso. Usitegemee kuzipata kwenye forex za mjini Nairobi.

Kiingilio kinakatwa mara mbili, na ni halali

Chichén Itzá ina ada mbili. Moja ni ya taasisi ya taifa inayotunza mambo ya kale, INAH, na nyingine ni ya serikali ya jimbo la Yucatán. Kwa mgeni zote mbili kwa pamoja zinazidi peso 600, yaani uweke akilini shilingi elfu nne na mia kadhaa. Kwa kawaida unalipa mara mbili, na unapata tiketi mbili. Ukitumia kadi, simu yako itapokea meseji mbili za kukatwa pesa, dakika moja kati yake. Watu hukimbilia kuzuia kadi hapo, halafu siku nzima inaharibika. Linganisha meseji na tiketi ulizoshika kwanza. Zikilingana, endelea na safari. Zikiwa tatu, hapo sasa tupigie.

Unapolinganisha bei za kampuni za safari, basi, usiangalie ile namba kubwa pekee. Tafuta neno *incluido*, yaani imejumuishwa, na *no incluido*. Safari ya dola 60 isiyo na kiingilio inaweza kukugharimu zaidi ya ile ya dola 90 iliyo nacho. Uliza kuhusu senote pia, na koti la kuogelea, na kabati la kuwekea vitu. Kinywaji mezani mara nyingi hakimo hata chakula kikiwemo. Na mwongozaji atatarajia bahshishi, kwa hivyo bakisha noti ndogo ndogo.

Saa na OTP

Cancún iko jimbo la Quintana Roo. Chichén Itzá iko jimbo la Yucatán, na huko saa iko nyuma kwa saa moja. Simu yako inaweza kujibadilisha yenyewe njiani, na ndivyo watu wanavyoachwa na basi. Muulize mwongozaji anaposema "turudi saa saba" ni saa saba ya wapi. Magofu yanafunguliwa saa mbili asubuhi na mwisho wa kuingia ni saa kumi. Jumapili Wameksiko wanaingia bure, kwa hivyo foleni ni ndefu.

Kuhusu OTP: washa roaming kabla hujatoka Kenya, ukiwa bado unaweza kupiga simu kwa mtandao wako ukaulizia gharama. Ukishatoka, kuiwasha inaweza kuhitaji OTP yenyewe, na hapo umeshakwama. Kama programu yako inakuruhusu kuthibitisha malipo ndani yake badala ya kwa meseji, weka hivyo mapema, kwa sababu hiyo inafanya kazi hata kwa Wi-Fi ya hoteli. Na kila kinachoweza kulipwa mtandaoni, kilipe usiku kabla ya safari, ukiwa umekaa.

Visa hatutaizungumzia sana. Kwa kifupi, Mkenya anahitaji visa ya Meksiko, na ubalozi wao uko Nairobi, lakini ukiwa na visa halali ya Marekani unaruhusiwa kuingia kutalii bila hiyo. Ndivyo mama alivyoingia.

Tuliongea naye tena wiki jana. Anarudi Dallas mwezi wa kumi na moja kwa ubatizo wa mjukuu, na safari hii wanaenda wote. Roaming ameshaiwasha hata kabla ya kukata tiketi ya ndege, jambo ambalo si lazima lakini tulimwacha. Alikuwa na swali moja tu, na halikuwa la pesa. Alitaka kujua kama pale Ik Kil atakubaliwa kuingia majini na rasta alizosukwa na kupakwa mafuta. Tukamweleza kwamba kabla ya kuingia kila mtu anaoga kwanza, mafuta na losheni vitoke, ili maji yasichafuke. Kofia ya kuogelea itamsaidia. Akacheka, akasema basi atasukwa siku mbili kabla, na mafuta atapaka akirudi hotelini.