Steringi na Mwalimu Wake: Kuisoma Filamu ya Mapigano kwa Jicho la Fasihi

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili hapa Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, hana haja ya kuwauliza wanafunzi wake walitazama nini mwishoni mwa juma. Asubuhi ya Jumatatu jibu huliona uwanjani: vijana wamesimama kwa mguu mmoja, mikono wameinyanyua kama mabawa, wanarushiana mateke.

Muhula mmoja mvulana wa Kidato cha Pili alimpiga mwenzake teke la kifua katika mchezo huo, na mwenzake akaanguka na kuteguka mkono. Niliwaita wote wawili, nami nikafanya wanavyofanya walimu wengi: niliilaumu filamu. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani wewe umeitazama?" Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nikihukumu matini ambayo sijaisoma, kosa lile lile ninalowakanya watahiniwa kila mwaka.

Filamu yenyewe ilikuwa The Karate Kid ya mwaka 2010. Niliitazama. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba filamu ya aina hii ina msuko, wahusika na maudhui yanayoweza kuhakikiwa kama ya kazi yoyote ya fasihi, na kwamba wanafunzi wetu huambulia mateke tu kwa sababu hatujawafunza kutazama kitu kingine.

Muhtasari wa kisa

Filamu hii iliongozwa na Harald Zwart. Dre Parker, mvulana wa miaka 12 aliyefiwa na babake, anahama na mamake kutoka Detroit, Marekani, hadi Beijing, China, ambako mama amehamishiwa kikazi. Huko anaonewa na kundi la wavulana linaloongozwa na Cheng. Bwana Han, fundi wa matengenezo katika jengo wanamoishi, anamwokoa. Han anampeleka Dre kwa Bwana Li, mwalimu wa kung fu wa wavulana hao, akitaka suluhu. Suluhu inakataliwa, wanaafikiana kwamba vijana watakutana katika mashindano, na kabla ya siku hiyo Dre asiguswe.

Mafunzo yanaanza. Siku nyingi Dre haoni teke wala ngumi. Anaamriwa kuvua koti, kuliangusha, kuliokota, kulitundika na kulivaa tena, mara mamia. Anapokasirika, Han anamshambulia, na Dre anagundua kwamba mikono yake imekwisha kujifunza kujikinga. Mashindanoni Li anaamuru mguu wa Dre uvunjwe. Dre anaumizwa, anarudi ulingoni akichechemea, na anamshinda Cheng.

Kisa hiki ni marudio ya filamu yenye jina hilo hilo ya mwaka 1984, iliyoongozwa na John G. Avildsen. Humo kijana ni Daniel LaRusso, mwalimu ni Bwana Miyagi, na mahali pa koti pana kung'arisha magari na kupaka ua rangi.

Steringi na shujaa wa mighani

Vijana wetu wana istilahi yao ya uhakiki: mhusika mkuu wa filamu humwita steringi, na kanuni yao ni kwamba steringi hafi. Kanuni hiyo ni mlango mzuri wa kuingilia somo la mighani.

Tumchukue Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili. Nguvu zake si za kawaida, wala hatuelezwi alifunzwa na nani. Amezaliwa nazo. Zina siri moja: hafi ila kwa kudungwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Mighani hudumu kwa swali hili: ni nani atakayemsaliti shujaa?

Dre ni kinyume chake. Anaanza dhaifu, mwoga, anapigwa mbele ya watu. Hana siri, alicho nacho ni uwezo wa kufunzika. Liyongo anafikwa na mauti kwa sababu ya mtu wake wa karibu, ilhali Dre ananusurika kwa sababu ya mtu asiyekuwa wake hata kwa lugha na nchi. Filamu ya vijana, basi, hudumu kwa swali jingine: ni nani aliyemlea shujaa? Mtahiniwa anayeweza kutofautisha maswali haya mawili ameielewa mighani kuliko aliyekariri orodha ya sifa zake.

Walimu wawili

Wanafunzi wangu walipoulizwa adui ni nani, wote walijibu, "Cheng." Nikawauliza, "Cheng alifunzwa na nani?" Darasa likanyamaza.

Hapo ndipo kiini cha kazi hii kilipo. Mgogoro wa Dre na Cheng ni wa juu juu. Mgogoro wa ndani ni wa walimu wawili. Li anawafunza vijana wake kwamba asiwepo huruma, na mwanafunzi anayeionyesha anaadhibiwa. Anayeamriwa kuuvunja mguu wa Dre anasita kwanza, ishara kwamba uovu huo si wake. Han anafunza kwamba kung fu imo katika kila jambo: namna mtu anavyovaa koti na namna anavyomtendea mwenzake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii inawahusu Dre na Cheng kwa pamoja.

Ushahidi uko mwishoni. Cheng ndiye anayemkabidhi Dre kombe, kisha wanafunzi wa Li wanamwinamia Han badala ya mwalimu wao. Adui hakuangamizwa, bali amebadilisha mwalimu. Kijana aliyezima simu baada ya teke la mwisho amelikosa jibu la kisa kizima.

Han pia si malaika. Aliwahi kugombana na mkewe akiendesha gari, ajali ikatokea, mke na mtoto wakafa. Kila mwaka hulitengeneza gari hilo kisha hulivunjavunja kwa huzuni. Usiku huo Dre anamkuta, anamshika mkono na kumtoa nje wakafanye mazoezi. Mwanafunzi anamfunza mwalimu. Huyu ni mhusika duara, na mtahiniwa amtumie kama mfano wa kuielewa istilahi hiyo.

Mbinu

Kiangaza mbele: Mapema katika kisa, Dre anatupa koti sakafuni na mamake anamgombeza. Jambo dogo, lakini ndilo linalozaa mafunzo yote. Mwanafunzi aliyeliona ataanza kutafuta makoti kama hayo katika riwaya na tamthilia.

Takriri: Kurudiarudia tendo moja kunamchosha Dre na mtazamaji kwa pamoja, ili maana yake ifumbuke ghafla kwa wote wawili. Vijana wa Mkwiro wanalijua hili. Anayetaka kuwa nahodha huanza kwa kufua maji ndani ya dau na kushika kasia. Usukani huja baadaye, na hakuna anayemweleza kwa nini.

Ufaafu wa anwani: Karate asili yake ni Okinawa, Japani, lakini Dre anafunzwa kung fu ya China. Anwani imerithiwa kutoka filamu ya mwaka 1984. Je, inafaa? Hili ni zoezi jema, kwani halina jibu moja.

Fanani wa filamu

Filamu nyingi za mapigano huwafikia vijana zikiwa na sauti ya msimulizi juu yake. Kenya inamjua DJ Afro. Dar es Salaam ilimjua Lufufu. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Huongeza utani, huwabandika wahusika majina, huisemesha hadhira, hutumia nidaa na tanakali za sauti. Hizi ndizo sifa za fanani tunazozifundisha, isipokuwa hadhira yake haiwezi kumjibu. Mwalimu awaulize wanafunzi: je, utendaji huu ni fasihi simulizi kamili, au umepungukiwa na nini?

Tahadhari kwa mtahiniwa

Usiitaje filamu katika jibu la swali la kitabu teule. Mtahini hutaka ushahidi kutoka matini aliyoiuliza. Filamu ni ngazi. Ukishapanda, iache chini.

Hitimisho

Yule kijana wa teke na mwenzake waliandika pamoja insha juu ya Bwana Li. Hoja yao ya mwisho ilikuwa kwamba Li alishindwa kabla ya mashindano kuanza, siku alipokataa suluhu. Sikuwapa hoja hiyo mimi. Michezo ya mateke uwanjani haijaisha, wala sitarajii iishe. Ila mimi siilaumu tena filamu nisiyoitazama, na swali la "nani alimfunza?" sasa huulizwa darasani hata tunaposoma tamthilia.

Maswali ya marudio

1. Linganisha na utofautishe shujaa wa mighani na steringi wa filamu ya vijana. (alama 10)
2. "Adui si Cheng." Thibitisha au ukanushe kauli hii kwa kurejelea mwisho wa filamu. (alama 6)
3. Eleza sifa nne za fanani zinazodhihirika kwa msimulizi wa filamu. (alama 4)