Ukiambiwa umuue mnyama uliyemlisha: mzigo ambao wachungaji hawausemi

Katika mashamba ya Isingiro, kuanzia pembeni mwa Nakivale mpaka njia ya Mbarara, kuna wakimbizi wanaolipwa kuchunga na kukamua ng'ombe wa wenyeji. Wengine wana mbuzi au nguruwe wao wachache nyuma ya nyumba. Wote wanaijua siku ile mbaya: ng'ombe amevunjika mguu bondeni, mbuzi ameumwa na mbwa mwenye kichaa, au nguruwe wameshikwa na homa ya nguruwe, ambayo haina dawa. Mwenye ng'ombe yuko mjini. Anapiga simu na kusema, "Mmalize." Anayeshika panga ni yule yule aliyemnywesha maji asubuhi.

Watu husema, "Si unachinja kila sikukuu?" Lakini kuchinja ni kitu kingine. Kuna dua, kuna majirani, kuna nyama ya watoto. Mnyama mgonjwa anauawa na kufukiwa shimoni, na nyama yake hailiwi. Kimeta ndiyo kali zaidi: mnyama anayeshukiwa kuwa nayo hachinjwi wala hapasuliwi hata akishakufa, kwa sababu ugonjwa huo unaingia kwa binadamu. Mchungaji anabaki amesimama tu, akimtazama mnyama akifa. Kwangu mimi hiyo nayo ni kazi nzito, hata kama mikono haikufanya kitu.

Na ng'ombe si mali tu. Kwa Wanyankole, na kwa Wanyamulenge waliotoka milima ya Kivu ya Kusini, ng'ombe anaitwa kwa jina lake. Waliokwisha kunyang'anywa mifugo vitani huko nyumbani, shimo moja la leo linaweza kuwarudisha kwenye yale ya zamani.

Dalili zenyewe ni hizi: usingizi unakataa, unamwota mnyama yule, unasikia sauti yake, unaogopa kurudi zizini, unawafokea watoto bila sababu, waragi inaongezeka. Siku chache za namna hiyo ni kawaida, wewe si mwendawazimu. Zikipita wiki mbili na hali haipungui, tafuta msaada.

Si udhaifu wa mkimbizi, wala wa Mwafrika. Mwaka 2001 Uingereza iliua wanyama zaidi ya milioni 6 ili kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Watafiti wa Lancaster University waliwafuatilia watu wa Cumbria, jimbo lililoumia kuliko mengine, wakakuta huzuni na ndoto mbaya zikiendelea muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, kwa wafugaji na hata kwa waliotumwa kuua. Sisi hapa Uganda ugonjwa huo tunaukabili zaidi kwa karantini na chanjo, kwa hiyo mashimo makubwa namna hiyo hatuyaoni. Lakini mtu mmoja peke yake na ng'ombe mmoja, hilo lipo.

Msaada nao unafanya kazi. Hapa hapa Nakivale, utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwahusu wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waliokuwa na majeraha ya vita moyoni. Waliowasaidia hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kusikiliza na kushauri. Waliopata ushauri huo walipona vizuri kuliko wale ambao hali zao zilifuatiliwa tu. Ule haukuwa utafiti wa mifugo, lakini unaonyesha kwamba kuongea na mtu aliyefundishwa si kupoteza muda.

Mwenye shamba, mwite daktari wa mifugo kwanza. Yeye ndiye anajua kama mnyama anaweza kutibiwa, na njia isiyo na maumivu mengi. Ikibidi kuua, usimpe kazi hiyo aliyemlea, na usimwache mtu peke yake. Mpe mapumziko siku inayofuata, na usimkate mshahara kwa mnyama aliyekufa kwa ugonjwa.

Mchungaji, anza kwa VHT wa kijiji chako au kituo cha afya kilicho karibu. Hali ikiwa ngumu, watakuandikia kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara, yenye idara ya afya ya akili. Laini ya bure ya UNHCR ni 0800 323 232. Na kama mwenzako anasema amechoka kuishi, usimwache peke yake usiku huo. Dawa ya kupe iliyo ndani ya nyumba ipelekwe kwa jirani leo hii, msingoje kesho.