Nauli ya Matatu: Nani Huipanga, na Punguzo Hulipwa na Nani?

Msafiri wa Malindi anayekwenda Mombasa wiki ya Pasaka hukuta nauli imepanda ghafla, na swali lake la kwanza ni: serikali iko wapi? Ukweli ni kwamba nchini Kenya hakuna ofisi inayopanga nauli za matatu. NTSA hutoa leseni, EPRA hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, lakini nauli huamuliwa na vyama na kampuni za matatu zenyewe. Ndiyo sababu mafuta yakipanda nauli hupanda mara moja; yakishuka, nauli huchelewa kufuata, ikiwa itafuata.

Tanzania imeshika njia nyingine. Huko LATRA hutangaza kiwango cha juu cha nauli, na mwanafunzi ana nauli yake ndogo. Lakini malalamiko ya vituoni Dar es Salaam ni ya miaka mingi: makondakta huwakwepa wanafunzi, kwa kuwa kiti hicho huleta pesa kidogo na hakuna anayefidia pengo. Likoni ni tofauti. Anayevuka feri kwa miguu halipi chochote, na gharama hubebwa na serikali, si na mwenye chombo binafsi.

Kwa hivyo anayedai kadi ya nauli nafuu kwa wanafunzi, wazee au watu wenye ulemavu katika Kaunti ya Kilifi aulize pia: tofauti italipwa kutoka mfuko gani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la uchukuzi wa umma barabarani na maegesho. Ada ambazo matatu hulipa kaunti hupitia Sheria ya Fedha, na mwishowe humfikia abiria ndani ya nauli. Kupunguzia ada magari yanayokubali kadi kungekuwa njia moja. Ibara ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti kuwashirikisha wananchi. Vikao vya Mswada wa Fedha ndipo pa kulisema hilo, ingawa wengi huvipuuza.

Kwa sasa, uliza nauli kabla ya kupanda, hasa tuktuk, ambayo bei yake ni ya mapatano. Ukitozwa zaidi ya mlivyoafikiana, andika nambari ya gari, jina la chama, tarehe na saa, kisha uanzie malalamiko kwa chama hicho.