Motokaa Yako, Ufunguo Kwao

Mtu akiisha kununua nyumba, je, atakubali kulipa kodi ya chumba kimoja kilichomo ndani ya nyumba hiyo hiyo? Jambo la namna hii limeingia katika biashara ya motokaa huko Ulaya.

Motokaa za siku hizi zina kompyuta. Baadhi yake zilitiwa kiwandani nyaya za kupasha viti joto, kitu kinachopendwa sana katika nchi za baridi, kisha kompyuta ikazifunga. Mwenye motokaa alipolipa, kampuni ilipeleka amri kwa mawimbi, kama ya simu, na viti vikapata moto. Asipolipa, nyaya zililala bure, naye alizibeba kila alikokwenda.

Mwaka 2022 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoza pauni 15 kwa mwezi katika Uingereza kwa viti hivyo. Watu walinung'unika sana, na mwaka 2023 kampuni ikauacha mpango huo wa viti. Lakini desturi yenyewe haikufa. Mwaka 2025 Volkswagen iliuza huko huko motokaa ya umeme, ID.3, iwezayo kutoa nguvu za farasi 228. Ilitoa 201 tu mpaka mwenyewe alipe pauni 16.50 kwa mwezi, au pauni 649 mara moja.

Makampuni yana hoja yao. Kutengeneza motokaa za aina moja ni rahisi kuliko kutengeneza aina nyingi, na mnunuzi aweza kujaribu kitu kwa mwezi mmoja tu. Tena ziko kazi zinazostahili ada: ramani hubadilika, na mtu wa kuzirekebisha hana budi kulipwa. Lakini waya uliokwisha tiwa ndani ya kiti hauongezi gharama kiwandani mwezi hata mwezi. Hapo ndipo twaona tofauti kati ya kulipia kazi na kulipia ruhusa.

Jambo hili latuhusu na sisi, kwa kuwa motokaa nyingi za barabara zetu zilitumika kwanza ng'ambo. Basi, ninyi ndugu zetu mliokwisha toka shuleni na mnaokusudia kununua, msitazame rangi na magurudumu tu. Ulizeni: Ni kipi kilichofungwa? Nani ana ufunguo? Malipo ya mwenyeji wa kwanza yatafuata motokaa, au yatabaki naye? Kuuliza si ujinga.