Korongo Katikati ya Bendera ya Uganda

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alituletea insha kuhusu alama za taifa, na ndani yake akaandika: "Katikati ya bendera yetu kuna korongo limesimama kwa mguu mmoja." Darasa zima likaangua kicheko. Korongo la aina hiyo, wasomaji wapendwa, ni bonde lenye kingo kali lililochimbwa na maji, kama lile la Olduvai kule Tanzania, na bonde halina miguu. Ndege ni kiumbe hai, kwa hiyo tunasema "korongo amesimama". Kosa lilikuwa la upatanisho wa kisarufi tu, likasahihishwa. Lakini kicheko kilipokwisha, kijana yule aliuliza swali ambalo hakuna aliyemjibu vizuri siku ile: kwa nini ndege huyu, na siyo simba kama majirani zetu? Tuliahidi kumjibu katika ukurasa huu.

Tuanze na neno lenyewe. "Bendera" limetoka katika Kireno. Lilishuka pwani pamoja na merikebu za Wareno, likapanda bara, na leo hata Waganda husema bendera katika Luganda. Neno "mlingoti" nalo ni la baharini, maana yake ya kwanza ni nguzo ya kufungia tanga. Kwa hiyo hapa kwetu, mbali na bahari, kila asubuhi shuleni tunatumia lugha ya mabaharia bila kujua.

Sasa korongo. Huyu wa kwetu ni korongo mwenye taji. Waganda humwita ngaali. Wakati wa ukoloni Uganda ilikuwa nchi lindwa ya Mwingereza, na bendera iliyopepea ilikuwa ya buluu, yenye bendera ya Uingereza pembeni na picha ya korongo upande wa pili. Askari Waganda walivaa beji yake pia. Maana yake ni kwamba ndege huyu hakuchaguliwa mwaka 1962 na wapigania uhuru, walimkuta yupo. Wengi hawalipendi jibu hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jambo walilofanya ni kumtoa katika beji ya mtawala na kumpa kazi mpya.

Hata hivyo, kazi hiyo haikupatikana kwa mara moja. Tarehe 1 Machi 1962 Uganda ilipata serikali ya ndani chini ya Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP. Bendera iliyotengenezwa wakati huo ilikuwa na milia ya wima: kijani, buluu na kijani, ikitenganishwa na mistari myembamba ya manjano, na katikati kivuli cha korongo wa manjano. Kijani ni rangi ya DP. Ilipofika tarehe 25 Aprili uchaguzi ukafanyika, DP ikashindwa, na Milton Obote wa UPC akaunda serikali kwa ushirikiano na Kabaka Yekka. Bendera ile ikawekwa kando. Kwa hiyo bendera tunayoiheshimu leo kuwa ni ya wote ilizaliwa katika mashindano ya vyama, na korongo peke yake ndiye aliyevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Bendera mpya ilibuniwa na Grace Ibingira, Waziri wa Sheria. Ina milia sita ya kulala, kuanzia juu: nyeusi, manjano, nyekundu, kisha nyeusi, manjano, nyekundu tena. Katikati pana duara jeupe, na ndani yake korongo anayeangalia upande wa mlingoti. (Wachoraji wa mabango, tafadhali, asigeuzwe nyuma!) Nyeusi ni watu wa Afrika, manjano ni jua, nyekundu ni udugu, kwa kuwa damu ya Waafrika ni moja. Mguu uliokunjwa huelezwa kuwa ni hatua: nchi haikusimama, inakwenda mbele. Ukimtazama ndege mwenyewe utaona kuwa rangi hizo anazo mwilini, manjano katika taji, nyeusi kwenye paji la uso, nyekundu shingoni. Bendera hii ilipandishwa Kololo, Kampala, usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, na ile ya Mwingereza ikashushwa.

Yaliyompata mbunifu wake yanafaa kusomwa pamoja na maana ya ule mlia mwekundu. Mwezi Februari 1966, katika kikao cha Baraza la Mawaziri huko Entebbe, Ibingira na mawaziri wenzake wanne walikamatwa kwa amri ya Obote. Alikaa kizuizini hadi mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971. Kiwanuka naye, ambaye bendera yake ya kijani haikufika siku ya uhuru, alikuja kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari walimkamata katika Mahakama Kuu, akauawa. Serikali zikapinduliwa mwaka 1971, 1979, 1985 na 1986, lakini hakuna aliyeigusa bendera. Rwanda ilibadilisha yake mwaka 2001, na Kongo imebadilisha mara kadhaa, ya mwisho ikiwa 2006. Ya Uganda ni ileile, na Ibingira, aliyefariki mwaka 1995, aliishi kuiona ikipepea juu ya serikali zote hizo.

Nembo ya taifa tutaieleza kwa kifupi. Kuna ngao na mikuki miwili, alama ya ulinzi. Juu ya ngao ni mawimbi ya maji, katikati jua, chini ngoma, ambayo huita watu katika sherehe na mikutano. Anayeishikilia ngao upande mmoja ni swala wa Uganda, kwa Luganda nsunu. Upande wa pili ni korongo wetu. Wamesimama juu ya kilima cha kijani, na pale chini pana Mto Nile, kahawa na pamba, mazao yaliyoiingizia nchi fedha wakati wa uhuru. Kaulimbiu imeandikwa kwa Kiingereza, nasi darasani tunaifasiri "Kwa Ajili ya Mungu na Nchi Yangu". Wapo wanaotaka "kwa ajili ya" ifupishwe kuwa "kwa" tu. Tunawakatalia, maana "kwa Mungu" inaweza kueleweka kuwa ni mahali Mungu alipo, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Limebaki jambo moja ambalo mwanafunzi wetu hakuliuliza. Korongo mwenye taji huishi na kutaga katika vinamasi, na vinamasi vinakaushwa kwa kilimo na ujenzi. Wengine hunaswa na kuuzwa, wengine hufa kwa sumu mashambani. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Watoto wengi wa Kampala wanamjua kutoka kwenye sarafu, kwenye jezi ya timu ya taifa na kwenye bendera, ambako amekunja mguu wake mmoja.