Kontena Linafanya Kazi, Mbona Wenzetu Hawaingii?

Kamusi ya sauti ya chama chetu, iliyorekodiwa na bibi na babu zetu, imo ndani ya kontena la Docker. Kwenye kompyuta inayoiendesha inafunguka vizuri. Kwenye simu za wenzetu, kimya. Sisi huanza kuchunguza ndani, kisha tunatoka nje hatua kwa hatua.

Kwanza, programu inasikiliza anwani gani? Ikisikiliza 127.0.0.1 ndani ya kontena, inajisikia yenyewe tu. Iambieni isikilize 0.0.0.0, yaani anwani zote za kontena.

Pili, je, poti imefunguliwa? Andikeni docker ps. Mkiona 0.0.0.0:8080->80, anayebisha hodi poti 8080 ya kompyuta anapelekwa poti 80 ya kontena. Mkiona 127.0.0.1:8080->80, mlango ni wa wenye nyumba tu.

Tatu, mgeni anabisha wapi? Akiandika localhost, anaiita simu yake mwenyewe. Aandike anwani ya kompyuta, kwa mfano 192.168.1.20:8080, si ile inayoanza na 172.17 ambayo Docker huipa kontena.

Bado? Tazameni programu ya ulinzi ya kompyuta, kisha Wi-Fi: baadhi ya mitandao ya vyuo huzuia vifaa visiwasiliane.

Ila tahadhari. Kwenye Linux, poti iliyofunguliwa na Docker huweza kupita kando ya kinga ya ufw. Sauti za wazee wetu ni amana. Tuwafungulie wanaohusika, si kila mpita njia.